Waliosoma Jioni

Mji wa Morogoro umewasomesha watu wengi waliofukuzwa shule kwingine. Nimekaa hapa tangu nilipoteremka kutoka Mgeta kuja kusomea ualimu, nikafundisha shule ya msingi, kisha kisomo cha watu wazima, kisha masomo ya jioni hadi nikastaafu, na hata baada ya kustaafu. Wapita njia wanaujua mji huu kwa stendi ya Msamvu, kwa maji yanayoshuka Uluguru na kwa vyuo vikuu vyake. Mimi naujua kwa madarasa ya kuazima, yale ya saa kumi na moja jioni, watoto wa darasa la saba wakishaondoka na vumbi la chaki bado limetanda hewani.

Kabla ya madarasa hayo niseme habari za Mazimbu. Ukipanda daladala kutoka katikati ya mji unafika kwenye Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Wengi wa vijana wanaosoma pale leo hulitaja jina hilo kama wanavyotaja jina la kituo cha daladala. Solomon Mahlangu, mpigania uhuru wa Afrika Kusini, alinyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979, akiwa na miaka 22. Shule iliyochukua jina lake ilikuwa ya ANC, chama cha ukombozi cha nchi hiyo. Ilianza mwaka 1978 kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, ardhi waliyopewa na serikali yetu mwaka 1977, na Anna Abdallah, aliyekuwa kiongozi wa serikali hapa mkoani, anakumbukwa kuwa na mkono wake katika jambo hilo. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya Juni 1976. Kwao kulikuwa na Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953, ambayo ilimpimia mtoto mweusi elimu ya kumtosha kutumwa tu. Walipoona sheria haiondoki wakaondoka wao, wakajenga shule yao huku kwetu, kuanzia watoto wa chekechea hadi sekondari, wakawa na mashamba, karakana ya samani na hospitali iliyojengwa kwa michango ya watu wa Uholanzi.

Chama hicho kilikuwa na historia na mji wetu kabla ya hapo. Mwaka 1969 kilifanya Morogoro mkutano wake mkubwa wa uhamishoni, na moja ya maamuzi yake lilikuwa kuruhusu wasio Waafrika walioko uhamishoni wawe wanachama. Hayo ni ya vitabu vya siasa. Mimi nilivutiwa zaidi na jambo dogo la Mazimbu ambalo sisi walimu vijana wa nje ya uzio tulilisikia miaka ya 1980 tukabaki kutazamana.

Kule ndani mwanafunzi akipata mimba hakufutwa. Kulikuwa na kituo cha akina mama na watoto kilichopewa jina la Charlotte Maxeke, mwanamke wa Afrika Kusini aliyepata shahada yake Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini. Msichana alihamishiwa huko, akajifungua, akalea, kisha akapata njia ya kurudi darasani. Haikuwa pepo. Wasichana wenyewe walilalamika kwamba wanaadhibiwa wao, maana kijana aliyehusika mara nyingi aliendelea na vipindi vyake kama kawaida, na kukaa kituoni kulimrudisha mtu nyuma. Hata hivyo palikuwa na kitanda cha mtoto, mtu wa kumshika mtoto mchana, na jina la mama lilibaki kwenye orodha ya shule.

Upande wetu wa uzio, kwenye shule za nchi ile ile iliyotoa ardhi, msichana akijulikana ana mimba mwalimu mkuu alichukua kalamu na kukata jina lake kwenye rejista. Nilifanya kazi kwenye shule ambamo mistari hiyo ya wino mwekundu ilikuwapo karibu kila ukurasa wa darasa la sita na la saba. Mwaka 1992 ANC walipoikabidhi Mazimbu kwa serikali, tulipokea nyumba, madarasa, hospitali na makaburi. Utaratibu wa kituo kile haukuingia kwenye makabidhiano.

Rafiki yangu mmoja wa misheni hupenda kusema kwamba kumfukuza msichana mjamzito ni mila yetu, kwamba wazee wetu hawakuruhusu mambo hayo. Sijui wazee wake walikuwa wa wapi. Sisi Waluguru ukoo unakwenda kwa mama. Mtoto anazaliwa ndani ya ukoo wa mama yake, na shamba la kule juu ni la ukoo huo, mjomba akiwa msimamizi. Msichana akizaa nyumbani, mtoto ana ukoo, ana mjomba, ana mahali pa kulima. Kulikuwa na aibu, ndiyo, na kulikuwa na faini na maneno makali kwa mwanamume, lakini hakuna aliyesema kwamba msichana huyo maisha yake yamekwisha. Lugha ya kwamba “ameharibika” tuliipata baadaye, kanisani na shuleni, na tukaizoea kiasi cha kudhani tumezaliwa nayo.

Sitaki pia kuipamba mila. Bibi yangu mzaa mama aliwekwa ndani alipovunja ungo, wakati wa Mwingereza, na kwa kusimulia kwake alikaa mwali kupita msimu mzima wa mvua, ngozi yake ikawa nyeupe kwa kukosa jua. Alipotolewa na kuchezwa ngoma alikuwa tayari ana mchumba. Misheni ya Mgeta ilikuwapo tangu 1906, na ilikuwa na shule, lakini mwali haendi shule. Mapadri walipigana na jambo hilo kwa miaka mingi: wakikataza, wakijadiliana na wanawake wazee, wakiomba siku za ndani zipunguzwe, au wali wachezwe wakati wa likizo. Kwa hiyo msichana wa Uluguru alikuwa na vizuizi viwili kabla hata sheria ya nchi huru haijaandikwa. Nyumbani alitolewa shule ili awe mwanamke, na shuleni alitolewa akishakuwa mwanamke.

Watu wetu si wa kunyamazia amri. Mwaka 1955 walikataa kuchimba matuta ya lazima ya mpango wa Mwingereza wa kuhifadhi udongo, wakaacha kazi, ghasia zikazuka Matombo, risasi zikapigwa, na mpango wenyewe ukafa. Kwa ajili ya wasichana waliokatwa majina kwenye rejista sijawahi kusikia kijiji kilichokusanyika hata kumwuliza mwalimu mkuu. Nimelifikiria sana jambo hili. Nadhani tuta lilionekana kuwa mzigo wa wote, na mimba ikaonekana kuwa mzigo wa mama mmoja na binti yake.

Kilichofungua mambo kidogo kilikuwa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na miaka iliyofuata nchi nzima iliingia darasani. Sensa ya 1967 ilikuta karibu watu wazima wawili kati ya watatu hawajui kusoma. Kufikia 1986 serikali ilitangaza kwamba waliobaki ni chini ya mmoja kati ya kumi. Unaweza kubishana na takwimu hizo, na mimi niliyesahihisha mitihani ya kisomo nabishana nazo, kwa sababu mtu aliyeweza kuandika jina lake na la kijiji chake tulikuwa wepesi kumhesabu. Lakini mama yangu alijifunza kusoma kwa njia hiyo, kwenye ukumbi wa kigango, akiwa na mdogo wangu mgongoni. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya “Mtu ni Afya” iliwafikia watu kama milioni mbili nchini kupitia vikundi vya kusikiliza, na kundi la mama yangu lilikaa kumzunguka mwenye redio wakisoma kijitabu kwa sauti, wakibishana kuhusu choo.

Ninachokumbuka zaidi ni kwamba kisomo hakikumwuliza mtu ana mtoto au hana, ameolewa au la. Sheria ya shule ilikuwa na mlango wenye mlinzi. Kisomo kilikuwa mlango wa uani, na wanawake waliingia kwa wingi. Mwaka 1975, kwa Sheria Na. 12, Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikawa shirika linalojitegemea. Ilikuwa imeanza 1960 kama tawi la mafunzo ya nje la Makerere. Ilikuwa na masomo kwa njia ya posta ya sekondari, na kwa mtu wa milimani bahasha ile ilikuwa kitu kikubwa. Ilifikia sanduku la misheni au la shule, ikapandishwa na mtu anayerudi kutoka gulioni, ikashuka tena na majibu, ikarudi na wino wa mwalimu ambaye mwanafunzi hatamwona maishani. Wengi waliishia njiani. Mvua za masika zikikata barabara ya Mgeta, bahasha zilikaa wiki nyingi mjini.

Mwaka huo huo wa 1975 vilianza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, wazo ambalo Nyerere alilitoa kwa Waswidi na ambalo Waswidi walilisaidia kwa fedha na walimu. Vilifika zaidi ya hamsini nchini, na chetu kiko Bigwa, hapo pembeni ya mji kwenye barabara ya kwenda Kiroka na Matombo. Vyuo hivi vilifikiriwa kwa ajili ya watu wazima waliochaguliwa na vijiji vyao, kwa hiyo wanawake wenye watoto walitarajiwa tangu mwanzo, na vingi vilikuwa na chekechea. Miongo kadhaa baadaye, wazo hilo ndilo lililorahisisha kazi ya shirika la Karibu Tanzania Organization: mpango wake wa Elimu Haikomi ulipoanza kuwapokea wasichana waliokatishwa masomo kwa sababu ya mimba, mahali pa kumwacha mtoto palikwishafikiriwa.

Tukirudi miaka ile ya 1970, sekondari zilikuwa chache mno. Elimu ya msingi ilipofanywa ya wote mwaka 1977, watoto walimiminika, na waliochaguliwa kwenda kidato cha kwanza shule za serikali walikuwa chini ya mmoja kwa kila kumi waliomaliza. Serikali iliweka mgawo wa nafasi kwa mikoa, ili Kilimanjaro na Bukoba, waliotangulia kwa shule za misheni, wasizichukue zote, na ikawatengea wasichana nafasi zao. Watu waliulalamikia mgawo, nao ulikuwa na ubaya wake, lakini bila mgawo mtoto wa Bunduki au Tawa angeisikia tu Kilakala. Kilakala yenyewe ilikuwa Marian College ya masista wa Maryknoll, iliyofunguliwa 1957, kisha serikali ikaichukua na kuibadili jina. Binti wa mlimani aliyepata nafasi Kilakala alikuwa habari ya kata nzima. Na binti huyo huyo akipata mimba kidato cha pili, nafasi ile iliyopatikana kwa mgawo wa haki ilikwisha kwa siku moja.

Utaratibu huo wa kumfukuza mwenye mimba ulikuwapo kama desturi na kanuni kwa muda mrefu. Kilichoandikwa kwa namna iliyotuongoza sisi wa miaka ya karibuni ni kanuni za kufukuza wanafunzi, Tangazo la Serikali Na. 295 la mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Ukizisoma utashangaa. Zinamruhusu mwenye mamlaka kumfukuza mwanafunzi kwa kosa dhidi ya maadili, na kwa kufunga ndoa. Mimba haikutajwa. Walimu wakuu na kamati za shule waliiweka mimba ndani ya “maadili”, na ikakaa humo. Kukawa na kupimwa: matroni au muuguzi kutoka zahanati anawapanga mstari wasichana wote, wa miaka kumi na miwili na wa kumi na minane, anawabonyeza matumbo au anawapa vikopo. Mvulana hakuna anapopangiwa mstari.

Maofisa waliokuja kwenye semina walizoea kutaja unyago kama chanzo cha mimba, na magazeti yakanakili. Unyago una sehemu yake. Lakini mimi nilikuwa nikiwauliza wanafunzi wangu wa jioni, na walichotaja kwanza kilikuwa chumba. Shule za kata zilipojengwa kwa wingi kuanzia katikati ya miaka ya 2000, nyingi zilikuwa za kutwa, na kwenye milima kama yetu “karibu” ni kushuka bonde na kupanda jingine. Mzazi alimpangia binti chumba karibu na shule, geto wanaliita, godoro na jiko la mafuta ya taa, akimpelekea mahindi na maharage kila mwisho wa wiki. Mahindi yakichelewa, mwenye bodaboda au mwenye duka hachelewi. Hapo ndipo mimba nyingi zilipotokea, na hakuna kanuni iliyomfukuza aliyebuni shule ya kutwa isiyo na bweni kwenye mteremko wa Uluguru.

Sasa madarasa ya jioni. Njia yenyewe ilikuwa hivi. Mtu aliyemaliza darasa la saba, au aliyeachia kidato cha kwanza au cha pili, alijiandikisha kufanya mtihani wa maarifa wa Baraza la Mitihani, ule watu wanaouita QT. Akifaulu anaruhusiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Miaka minne ya sekondari tuliibana ikawa miwili. Baraza halikuuliza kwa nini uliacha shule, na hilo peke yake liliwaokoa wengi. Tulikuwa na madarasa mjini, tukiazima shule za msingi, tukimlipa mlinzi kidogo ili asifunge geti mapema. Umeme ukikatika tuliendelea kwa taa za simu. Nyuma ya darasa palitandikwa kanga mbili tatu, na watoto walilala hapo au walitambaa hadi ubaoni. Ukiandika fomula ya mraba, kitoto kimeshika pindo la gauni lako.

Wanafunzi hawakuwa wasichana tu. Walikuwapo askari mgambo waliotaka cheo, dereva mmoja wa lori, wahudumu wa nyumba za wageni, sista mzee aliyeanza na kuhesabu. Mchanganyiko huo ulinifurahisha, na nadhani uliwasaidia wasichana, kwa sababu darasani hawakuwa tena “wale wa mimba”. Mtaani waliitwa ngumbaru, jina la dharau la wanakisomo, na wao wakajiita hivyo hivyo kwa kucheka.

Lakini hesabu haikuwa sawa, na hapa ndipo nabishana na watu wanaousifu mlango wa uani kupita kiasi. Kuanzia Januari 2016 serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne kwa shule zake. Mvulana aliyempa mimba mwenzake aliendelea kusoma bila ada. Msichana aliyefukuzwa alikuja kwetu akalipa: ada ya kituo, ada ya mtihani wa maarifa, kisha ada ya mtihani wa kidato cha nne, nauli, na mtu wa kumshika mtoto kama hataki kumleta. Wengi walilipa kwa vibarua vya mboga, wakibeba karoti na kabichi za Mgeta alfajiri sokoni, jioni wakisinzia kwenye Historia. Maabara hatukuwa nayo. Aliyekuwa anaipenda Biolojia tulimshauri Uraia na Kiswahili, kwa sababu ndiyo masomo tuliyoweza kumfikisha nayo mwisho. Kwa njia hiyo tuliwapa vyeti, na tukawafungia uuguzi. Vitabu vilikuwa vile vile vilivyopigwa fotokopi mpaka michoro ikawa madoa. Siku hizi Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba mtandao, bure, na ni jambo zuri, ila bando si bure, na kule Kibungo Juu unatafuta mtandao kwa kupanda kilimani na simu mkononi.

Waliofika mbali wapo. Chuo Kikuu Huria, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 17 ya 1992 na kuanza kuwafundisha wanafunzi wake wa kwanza 1994, kina kituo chake hapa mkoani, na kwenye mitihani yake nimekutana na sura nilizozijua kutoka kwenye madawati ya kuazima. Mmoja wao sasa ni mwalimu, alifukuzwa shule kidato cha tatu, na mtoto wake aliyekuwa akilala kwenye kanga amemaliza chuo kabla yake.

Mwaka 2015 tulikuwa na matumaini. Ilani ya uchaguzi ya CCM ilitaja kuwawezesha wasichana waliokatishwa masomo kwa ujauzito kuendelea. Mwaka uliofuata Bunge lilibadili Sheria ya Elimu: marufuku kuoa au kuolewa kwa mwanafunzi, na kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mimba. Walioitunga walikuwa na nia njema. Huku vijijini tuliona matokeo mengine: mtu aliyekuwa tayari kukubali mtoto sasa alikimbilia Kilosa au Dar es Salaam, na familia zikamalizana kimya kwa fedha kidogo ili mkwe asiozee gerezani. Msichana akifika mbele ya mtendaji wa kata anasema hamjui aliyehusika.

Tarehe 22 Juni 2017, akiwa Chalinze, jirani zetu kabisa kwenye barabara ya Dar es Salaam, Rais Magufuli alisema kwamba katika utawala wake mwanafunzi aliyepata mimba hatarudi shule. Siku chache baadaye Waziri wa Mambo ya Ndani, Mwigulu Nchemba, aliyaonya mashirika yanayotetea kurudi shule kwamba yanaweza kufutiwa usajili. Zanzibar walikuwa wakiruhusu kurudi tangu 2010, nchi moja, bahari katikati. Hapa kwetu semina zilisimama. Mashirika yaliyokuwa yakitusaidia madaftari yalianza kuandika ripoti kwa maneno ya kuzunguka: “vijana walio nje ya mfumo”, “makundi maalumu”. Sisi tuliendelea kufundisha, kwa sababu tamko lilihusu shule na sisi hatukuwa shule. Kuna kipindi nilikuwa naambiwa na maofisa kwamba sina haja ya kulalamika, si wasichana wana njia yao ya jioni? Kazi yetu ikawa hoja ya kuwafungia mlango wa mbele.

Hoja hiyo ilipanda hadi juu. Benki ya Dunia ilisimamisha mkopo wa elimu mwaka 2018. Kwa makadirio yake wasichana kama 5,500 walikuwa wameshindwa kuendelea na sekondari kwa sababu ya mimba mwaka 2017 pekee. Tarehe 31 Machi 2020 iliidhinisha dola milioni 500 za SEQUIP, mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, na ndani yake ikawekwa fedha ya kuimarisha vituo vya njia mbadala. Wanaharakati walipinga, wakasema tunajengewa shule mbili, moja ya wasafi na moja ya waliochafuka. Niliwaelewa. Nilizielewa pia fedha zile, kwa kuwa nilikuwa nimefundisha miaka mingi bila hata chaki ya uhakika. Wanafunzi wangu wangeulizwa, wangezipokea fedha na kudai shule pia.

Tarehe 24 Novemba 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, Waziri Joyce Ndalichako alitangaza kwamba waliokatiza masomo kwa sababu yoyote, mimba ikiwamo, wanaruhusiwa kurudi kwenye mfumo rasmi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka huo ukatoka. Mwaka 2022, Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto, kwa shauri lililoletwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na Center for Reproductive Rights, iliamua kwamba Tanzania ilivunja haki za wasichana hao na kuagiza kanuni zirekebishwe. Mimi nazitazama karatasi hizi kwa jicho la mtu aliyewahi kuona nyingine. Waraka ni barua ya ofisi, na ofisi inaweza kuandika barua nyingine. Sheria ya Ndoa ya 1971 nayo inaruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mahakama Kuu ilisema mwaka 2016, katika kesi ya mwanaharakati Rebeca Gyumi, kwamba vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba, Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo Oktoba 2019 na kutaka virekebishwe, na marekebisho hayo tuliyasubiri mwaka baada ya mwaka.

Waraka uliweka muda: anayerudi arudi ndani ya miaka miwili. Mwezi Januari 2022 niliwaona wasichana wachache waliovaa tena sare, wengine wakahamishiwa shule ya kata nyingine ili wasikutane na vicheko. Mmoja, wa upande wa Mkuyuni, alirudi kidato cha pili, na bibi yake akashuka na mtoto kila mchana hadi ukingo wa uwanja ili anyonyeshwe wakati wa mapumziko. Shule ilikubali. Si kila shule ilikubali, na waraka haukusema nani atamnunulia sare mpya.

Waliofukuzwa 2017 na 2018 walikuwa wameshapita muda huo. Walikuwa na miaka ishirini na kitu, mtoto mmoja au wawili, kibarua sokoni au saluni. Hao ndio waliojaza darasa langu la mwisho la jioni. Tulipogawa fomu za kuchagua masomo, wanne waliandika Biolojia. Niliwaeleza habari ya maabara, nikawaeleza gharama. Walisikiliza kwa adabu, kisha mmoja akaniuliza, “Mama, ile shule ya kata maabara yake saa hizi si imefungwa tu?” Nilikwenda kumwona mkuu wa shule hiyo kesho yake. Alisema ataandika barua kuuliza kwa ofisa elimu. Wakati naondoka darasani barua ilikuwa bado haijajibiwa, na wanawake wale walikuwa wakichora chembehai kwenye daftari, kutoka kwenye fotokopi.